Nikeli ya 'valensi ya chini' si nikeli dhaifu

MAJUZI mwanafunzi wangu wa uzamili katika tafsiri aliniletea makala ya kemia aliyoifasiri. Kila palipotajwa nikeli ya valensi ya chini, yeye aliandika 'nikeli dhaifu'. Nikamwambia, "Mwanangu, hapa umeigeuza kemia kichwa chini miguu juu." Alicheka, ila kosa lenyewe si la kuchekwa.

Hebu tulitazame. Katika chumvi zake za kawaida, atomu ya nikeli huwa imepoteza elektroni mbili. Hiyo huitwa nikeli (II). Ukiirudishia elektroni moja, inakuwa nikeli (I). Tarakimu imeshuka, ndiposa wanakemia wakasema valensi ni ya chini. Lakini nikeli hii sasa ina elektroni ambayo iko radhi kumpa yeyote apitaye karibu. Kwa hivyo neno 'chini' hapa linahusu hesabu tu. Kwa upande wa nguvu za kutenda, nikeli (I) ni kali kuliko nikeli (II).

Ili idumu, nikeli hii aghalabu huwekwa ndani ya molekuli yenye umbo la pete kubwa. Atomu nne za nitrojeni katika pete hiyo huishika pande zote nne.

Sasa ikutane na halidi ya kaboni, yaani kampaundi ambamo kaboni imeshikana na klorini, bromini au iodini. Nikeli hutoa elektroni yake na kuing'oa halojeni. Kaboni hubaki na elektroni moja isiyo na mwenzake, na kipande hicho huitwa radikali. Radikali haitulii, ikikutana na nikeli (I) nyingine, hujishikiza kwayo. Basi halidi moja humaliza nikeli mbili. Andreja Bakac na James Espenson, wa Iowa State University nchini Marekani, walizieleza hatua hizi katika miaka ya 1980. Iodini ndiyo huachia upesi zaidi, kisha bromini. Klorini ni kaidi kwa kuwa imeshikana na kaboni kwa nguvu zaidi.

Utauliza, haya yanamhusu nini mfugaji wa Nyandarua? Yanamhusu sana. Tumboni mwa ng'ombe mna viumbe vidogo mno vinavyotengeneza gesi ya methani, gesi ambayo huchangia kuongezeka kwa joto duniani. Kimeng'enya chao cha hatua ya mwisho kina pete yenye nikeli katikati, iitwayo F430. Nikeli hiyo isipokuwa (I), kimeng'enya hakifanyi kazi.

Upo mwani mwekundu uitwao Asparagopsis. Mwani huu una bromofomu, halidi yenye atomu tatu za bromini. Ng'ombe akilishwa mwani huo, bromofomu huipokonya nikeli elektroni yake, nayo hurudi kuwa nikeli (II). Kimeng'enya kinalala. Fauka ya hayo, bromofomu huvuruga hatua nyingine za utengenezaji wa methani. Katika majaribio ya Australia na Marekani, gesi hiyo ilipungua pakubwa. Hata hivyo, bromofomu yenyewe inashukiwa kuwa na madhara kwa afya, na ndiyo maana wataalamu wanapima ni kiasi gani kinachoweza kuingia katika maziwa.

Siku moja maelezo ya lishe kama hiyo yatahitajika kwa Kiswahili. Mfugaji akiambiwa 'nikeli dhaifu', atadhani mwani unashinda kwa sababu nikeli ni legelege. Ukweli ni kinyume: nikeli hunaswa kwa ule wepesi wake wa kutoa. Akielewa hivyo, ataweza pia kuuliza swali la maana: je, hiyo bromofomu huishia wapi?

Mfasiri hana budi kukijua kitu kabla ya kukitafutia neno. Nilimtuma mwanafunzi wangu idara ya kemia akaulize. Amerudi na daftari limejaa, na 'dhaifu' ameifuta mwenyewe.