Askari wa Seli na Chanjo ya Binti Yako

Akina mama huuliza hivi: saratani ya mlango wa kizazi huwapata watu wazima, mbona chanjo yake apewe mtoto wa miaka 10? Jibu limo ndani ya kitu kidogo mno kisichoonekana kwa macho, nacho ni kiini cha seli.

Mwili umejengwa kwa seli kama nyumba inavyojengwa kwa matofali. Katika karibu kila aina ya seli kuna kiini, na humo hutunzwa jeni, yaani yale maagizo ya urithi tunayoyapata kwa baba na mama. Kiini kina utando nje, wenye matundu ya kuingilia na kutokea. Ndani yake, hata hivyo, hakuna vyumba vyenye kuta. Fikiria soko siku ya soko: wenye nafaka huku, wenye samaki kule, mitumba kando ya barabara. Hakuna ukuta, lakini kila mtu anajua mahali pake.

Ndivyo kiini kilivyo. Mahali pakubwa zaidi humo huitwa nukleoli. Hapo hutengenezwa sehemu za ribosomu, vile vijimashine vinavyounda protini za mwili. Zamani ilidhaniwa kwamba protini za mahali kama hapo zimetulia tu. Mwaka 2000, Robert Phair na Tom Misteli, watafiti wa Marekani, walizitia protini rangi ing'aayo itokayo kwa kiwavi-maji wa baharini, wakafifisha mng'ao huo sehemu moja ya kiini kwa miale. Punde si punde pale palipofifia paling'aa tena, kwa sababu protini nyingine zilikuwa zimekwisha kufika. Kumbe zinaingia na kutoka wakati wote, kama wateja sokoni.

Kuhama huku kuna faida kubwa. Miongoni mwa protini za kiini kuna askari mmoja aitwaye p53. Seli ikiharibika jeni zake, askari huyu huisimamisha isigawanyike mpaka itengenezwe, na ikishindikana huiamuru ife. Siku za kawaida hawaachwi askari wakawa wengi, kwani wangeizuia hata seli nzima. Protini nyingine, MDM2, huwatia alama ili wavunjwevunjwe. Lakini kazi ya nukleoli ikivurugika, baadhi ya protini za ribosomu huacha kazi yao, huenda kumkamata huyo MDM2 na kumshika. Hapo askari huongezeka na kushika zamu. Nukleoli basi ni karakana na pia ni king'ora.

Sasa mama, sikiliza hapa. Virusi vya HPV huambukizwa kwa kujamiiana. Mara nyingi mwili huvishinda wenyewe katika mwaka mmoja au miwili. Vikikaa, aina mbaya, hasa ya 16 na ya 18, hutoa protini iitwayo E6, nayo humfanya askari p53 avunjwe, hata kama king'ora kinalia. Seli iliyoharibika huendelea kugawanyika bila wa kuizuia. Huchukua miaka mingi, mara nyingi 15 au zaidi, kabla ya saratani kutokea, na muda wote huo mwanamke huenda asihisi maumivu yoyote.

Ndiyo sababu ya kuchanja mapema. Chanjo huuandaa mwili uvizuie virusi kabla havijaingia kwenye seli, lakini haiondoi virusi vilivyokwisha kuingia. Kenya ilianza kuitoa Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10. Wapo wanaosema inaharibu uzazi. Si kweli. Ndani ya chanjo mna ganda tupu la kirusi, halina jeni, halina E6, wala haliwezi kuzaliana. Ni kama ngozi ya nyoka aliyekwisha kujivua: humwonyesha mtu alivyo nyoka, bali haiumi.

Na wewe mama usijisahau. Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake waanze kupimwa mlango wa kizazi wakifika miaka 30, na wanaoishi na virusi vya Ukimwi waanze wakiwa na miaka 25. Kipimo kimoja ni kupaka siki na kutazama, na mabadiliko yakionekana mapema hutibiwa kabla hayajawa saratani. Ukitokwa na damu baada ya kujamiiana, au baada ya kukoma hedhi, usingoje siku ya kupimwa, nenda hospitali.

Kuhusu dozi, tangu 2022 Shirika hilo linakubali kwamba hata moja huwakinga wasichana wengi. Lakini binti anayeishi na virusi vya Ukimwi anahitaji angalau mbili, kwa hiyo mweleze muuguzi faraghani kabla hajachomwa sindano.