Sikio na Majira: Habari ya Kibirichia

Wahenga walinena: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini je, ndugu msomaji, afanyeje yule asiyesikia, si kwa ujeuri, bali kwa kuwa sikio lenyewe limeharibika? Suali hilo lina uzito katika nchi ya Meru, ambako baraza la Njuri Ncheke limekata mashauri kwa neno la mdomo tangu zama za kale. Mtoto kiziwi asiyefunzwa lugha nyingine hukosa masomo, na mila pia humpita.

Kibirichia ni nchi ya viazi na baridi, ubavuni mwa Mlima Kenya, upande unaoelekea nyika kavu za Isiolo. Mwanzoni mwa karne ya 20 mlima huo ulikuwa na mito ya barafu 18; iliyosalia ni michache, nayo yayeyuka. Joto lapanda, mvua hazina miadi. Tangu mwisho wa 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikuwa haba kaskazini mwa Kenya.

Majira yanaingiaje sikioni? Njia ya kwanza ni vumbi. Ukame hulitimua, nalo likikutana na moshi wa kuni jikoni, huwasha pua na koo. Uko mrija mwembamba utokao nyuma ya pua hadi ndani ya sikio. Wa mtoto ni mfupi na umelala, basi mafua hupenya upesi. Usaha hujaa, na kiwambo cha sikio hutoboka. Maradhi hayo yasipotibiwa, usikivu hupungua.

Njia ya pili ni mbu. Kijidudu cha malaria kali hakikomai ndani ya mbu hewa ikiwa chini ya nyuzi 18 hivi. Baridi ndiyo iliyokuwa ngao ya watu wa milimani. Joto likizidi, ngao yapungua nguvu. Malaria ikipanda ubongoni yaweza kumwacha mtoto kiziwi, na kwinini nayo, ikizidi kipimo, huvumisha masikio na kupunguza usikivu.

Hata hivyo tusikate tamaa. Shirika la Afya Duniani lasema kuwa karibu asilimia 60 ya uziwi wa watoto hutokana na mambo yanayoweza kuzuiwa. Basi jiko lipate pa kutolea moshi, na kitanda kipate chandarua. Mtoto anayetokwa na usaha sikioni, au anayeitwa asigeuke, apelekwe kwa daktari. Asitiwe mafuta ya moto wala maji ya majani.

Na aliyekwisha kuwa kiziwi asifichwe nyumbani. Huko huko Meru iko shule ya viziwi ya Kaaga, na Katiba ya 2010 imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Mkono nao hunena, mradi tupo tulio tayari kuutazama.