Povu Jingi Halifui Nguo

Anayehamia Mombasa au Unguja kutoka Mwanza huiona tofauti siku ya kwanza anapoinamia beseni. Maji ya Ziwa Victoria hutoa povu kwa sabuni kidogo tu. Maji ya kisima cha pwani huimeza sabuni, na badala ya povu huzuka utando wa kijivu unaoelea juu na kuganda kwenye kuta za beseni. Wengi humlaumu mwenye kiwanda cha sabuni, na kumbe kosa si lake.

Kisiwa cha Mombasa na sehemu kubwa ya Unguja vimekaa juu ya jiwe la matumbawe, ambalo ni chokaa. Maji yanayopenya humo huyeyusha kalsiamu na magnesiamu, na ndiyo yanayoitwa maji magumu. Sabuni ya kipande ikikutana na madini hayo hushikana nayo ikawa ule utando usioyeyuka wala kusafisha chochote. Ukibaki kwenye nyuzi, taulo hukwaruza mwili na shuka nyeupe hufubaa hata ikifuliwa kila wiki.

Dawa ya kwanza ni kuongeza maji laini, na yaliyo rahisi kupatikana ni ya mvua, kwa kuwa hayajapita kwenye jiwe. Pipa lililowekwa chini ya mfereji wa bati wakati wa masika hutosha kusuuzia nguo nyeupe kwa siku kadhaa. Dawa ya pili ni sabuni ya unga, ambayo kisafishi chake hakishikani na madini kirahisi kama sabuni ya kipande. Sabuni nyingi za unga pia zina sodiamu kaboneti, ambayo ni sehemu kubwa ya magadi yale yale yanayochimbwa katika Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, ambako kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911. Kazi yake ni kuikamata chokaa iliyo ndani ya maji ili sabuni ibaki na kazi moja tu, ya kutoa uchafu.

Povu nalo lina sifa isiyostahili. Uchafu wa nguo umeshikwa na mafuta ya mwili na ya jikoni, na kinachouondoa ni chembe za sabuni ambazo upande mmoja hushika mafuta na upande wa pili hushika maji. Povu ni matokeo ya pembeni tu. Lakini wanunuzi hulipenda, kwa hiyo sabuni za kufulia kwa mkono hutengenezwa zitoe povu jingi, na mfuaji huongeza kijiko baada ya kijiko mpaka beseni lifurike. Sabuni iliyozidi haitoki kwa maji mamoja. Hukaukia ndani ya nguo, huifanya iwe ngumu, hunasa vumbi upesi, na kwa mtoto mchanga huweza kuleta muwasho. Kwenye mashine inayofunguka kwa mbele, sabuni hiyo hiyo ni balaa zaidi: povu hujaa, nguo hazisuguani, na maji huweza kuvuja sakafuni. Ndiyo maana mashine zina sabuni zake zenye povu dogo.

Kwa anayefua kwa mkono, kipimo ni maji ya mwisho ya kusuuzia. Yakiwa bado yanateleza vidoleni, nguo haijasuuzwa.

Kanga mpya inahitaji adabu yake. Hutoka dukani ikiwa na wanga unaoikakamaza na rangi ya ziada ambayo haikushika kwenye pamba. Ifuliwe peke yake, kwa maji baridi, bila kulowekwa, mpaka maji yake yatoke meupe. Wengi huitia chumvi au siki ili isichuje. Kiwandani chumvi husaidia baadhi ya rangi kuingia kwenye pamba wakati wa kutiwa. Baada ya hapo, chumvi ya kwenye beseni haiifungi rangi iliyolegea. Kinachoilinda kanga ni kuigeuza upande wa ndani na kuianika kivulini, kwa sababu jua la mchana hupausha rangi kuliko ufuaji wenyewe.

Madoa nayo hayatibiwi kwa dawa moja. Damu, maziwa na yai vina protini, na maji ya moto huyapikia madoa hayo ndani ya kitambaa, kwa hiyo huanzwa kwa maji baridi. Mafuta ya nywele kwenye foronya hupakwa sabuni ya kipande kwanza, kisha yakafuliwa kwa maji ya uvuguvugu. Doa la kutu hulegezwa kwa limau. La kushangaza ni la kiungo cha manjano: kitambaa cha meza kilichomwagikiwa mchuzi hugeuka chekundu mara tu kinapoguswa na sabuni, na mwenye nyumba hudhani amekiharibu. Rangi ya manjano hubadilika hivyo inapokutana na kitu chenye tabia ya magadi. Kisuuzwe vizuri kianikwe juani, maana rangi hiyo haihimili mwanga, na doa hufifia.

Jiki ndiyo inayoharibu nguo nyingi kwa nia njema. Huua vijidudu na kung'arisha pamba nyeupe, lakini kwenye maji ya kisima yenye madini ya chuma hukigeuza chuma hicho kuwa kutu, na shuka hutoka na madoa ya kahawia yasiyokuwapo. Kola iliyoingia jasho nayo huweza kuzidi kuwa ya njano. Sufu na hariri huliwa kabisa. Kwa kanzu iliyofubaa, bluu ya kawaida iliyoyeyushwa vizuri kwenye maji ya mwisho haina madhara hayo. Haisafishi kitu, ila rangi yake huufunika unjano na jicho likaona weupe.

Nguo ya kitandani inayofuliwa vibaya kuliko zote ni chandarua chenye dawa. Vipimo vya Shirika la Afya Duniani vya vyandarua vya dawa ya muda mrefu huangalia kama dawa itadumu baada ya kufuliwa mara 20, kwa hiyo kila ufuaji usio wa lazima ni hasara. Kifuliwe kikichafuka tu, kwa sabuni ya kawaida na maji baridi, bila jiki, bila kulowekwa wala kusuguliwa kwenye jiwe, na kianikwe kivulini kwa sababu jua huivunja dawa. Maji yake yasimwagwe mtoni au bwawani: dawa hiyo huua samaki.

Kuanika ni hatua inayopuuzwa. Jua hukausha na kuua vijidudu vingi, lakini nguo mbichi iliyotandazwa kwenye majani au kuning'inizwa kivulini karibu na udongo humvutia nzi aitwaye kitaalamu Cordylobia anthropophaga, anayepatikana sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara. Hutaga mayai kwenye kitambaa chenye unyevu. Funza huanguliwa, hupenya ngozi ya anayeivaa nguo, na kuota kama jipu. Pasi ya moto, iwe ya umeme au ya mkaa, huyaua mayai hayo. Ipite pande zote mbili, hasa kwenye mishono, mpira wa kiunoni na nepi za watoto. Pasipo pasi, nguo zianikwe juu ya kamba, kwenye jua kali, na zianuliwe zikishakauka kabisa.

Mwisho, usalama. Jiki haichanganywi na siki, limau wala dawa ya kusafishia choo yenye asidi, kwa kuwa hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Nepi zenye mkojo zisuuzwe kwa maji matupu kabla ya kutiwa jiki, kwa sababu mkojo nao hutoa gesi mbaya ukikutana nayo. Na kama nyumbani kuna jiki iliyomiminwa kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, irudishwe leo kwenye chombo chenye lebo na kuwekwa juu, mbali na watoto.