Kabla Hujaandika "Mbovu"

Wenzangu wa ualimu, nilienda fildi sekondari moja huku nyumbani Kibirizi, Kigoma. Maabara ilikuwa na mizani ya kidijitali yenye tundu la pini tisa kwa nyuma. Juu yake imebandikwa karatasi: "Haisomi kompyuta. Mbovu."

Na mimi niliitaka hiyohiyo. Mwaloni kwetu dagaa huanikwa kila jua likiwaka. Nilitaka kidato cha tatu waweke sinia la dagaa wabichi kwenye mizani, laptopu iandike uzito kila dakika, wao wachore grafu ya maji yanavyotoka. Bila kebo, mtoto akae na kalamu siku nzima.

Nikatafuta kebo na adapta ya USB, maana laptopu za sasa hazina tundu lile. Nikachomeka. Kimya! Nikaanza kuiamini karatasi. Nikampelekea fundi redio, akacheka: "Mwalimu, hapa wote wawili wanaongea, hakuna anayesikiliza."

Iko hivi. Tundu lile hufuata kanuni ya RS-232, iliyotolewa Marekani mwaka 1960. Data hupita biti moja baada ya nyingine kwenye waya mmoja. Kwa vifaa vingi nyaya tatu zinatosha. Upande wa kompyuta, pini ya 2 hupokea, ya 3 hutuma, ya 5 ni ethi. Kama kifaa nacho hutuma kwa pini ya 3, kebo nyoofu itaunganisha mdomo na mdomo. Hapo unapishanisha: 2 iende 3, 3 iende 2, 5 ibaki kwa 5.

Ila vifaa vingine hutuma kwa pini ya 2, hivyo vinataka kebo nyoofu. Usibahatishe, pima. Chomoa kebo, washa kifaa, weka testa kwenye volti za DC. Waya mweusi ugusishe pini ya 5, mwekundu pini ya 2, kisha ya 3. Inayoonyesha volti hasi, kati ya -3 na -15, ndiyo inayotuma. Yetu ilikuwa ya 3. (Volti hizo zinaunguza Arduino, usiunganishe moja kwa moja.)

Halafu linganisha mipangilio pande zote mbili, mfano kasi 9600, biti 8, bila pariti. Ukipata kimya, angalia nyaya, au bonyeza PRINT, huenda mizani inasubiri amri. Ukipata alama zisizosomeka, angalia kasi.

Tulikata kebo, tukapishanisha nyaya mbili, tukachoma lehemu. Namba zikaanza kushuka kwenye skrini. Binti mmoja akauliza: "Sasa mwalimu, kilo ya dagaa wa asubuhi na kilo ya dagaa wa jioni, bei iweje moja?"

Swali hilo silikuwa nalo kwenye andalio la somo. Lilitoka kwenye mizani iliyoandikwa mbovu. Ukifika shuleni kwako, pima pini tatu kwanza, karatasi baadaye.