Binti wa Miaka 13 na Nyasi Zilizookoa Nyumba

Mzazi wa leo akimwambia kijana wake wafuatane shambani, aghalabu jibu atakalopewa ni uso wa kununa. Kijana huona kazi ya jembe na mifugo ni ya kumpotezea wakati, na mzazi naye huona mwanawe ameharibiwa na raha za mjini. Hatukusudii leo kuamua nani mwenye haki. Twataka kusimulia mwaka mmoja tu katika maisha ya binti wa Kimarekani, Laura Ingalls, aliyekuwa na umri wa miaka 13 alipomsaidia babake kukusanya nyasi za mifugo. Hakujua yeye, wala babake hakujua, kwamba nyasi hizo ndizo zitakazosimama baina yao na mauti.

Laura alizaliwa mwaka 1867. Ilipofika mwaka 1880 wazazi wake, Charles na Caroline, walikuwa wamehamia Dakota, karibu na mji mchanga ulioitwa De Smet, mahali palipokuwa mbuga tupu isiyo miti. Walikuwa na mabinti wanne. Mary, mkubwa wao, alikuwa amepofuka mwaka 1879 kwa maradhi. Laura alikuwa wa pili, kisha Carrie, na kitinda mimba wao Grace, wa miaka mitatu. Mtoto wa kiume mmoja waliyejaliwa alifariki akingali mchanga mwaka 1876. Kwa hivyo baba alikuwa peke yake katika kazi zote za konde.

ARDHI YA BURE

Kilichowapeleka huko ni sheria ya mwaka 1862, iliyomruhusu mtu kuchukua ekari 160 za ardhi ya serikali, mradi aishi hapo miaka mitano na kuilima. Iliitwa ardhi ya bure. Lakini haikuwa ardhi isiyo wenyewe. Jina lenyewe la Dakota ni la watu waliokuwa wakiishi na kuwinda pande hizo, waliosukumwa kwa mikataba na kwa vita mpaka kwenye maeneo waliyotengewa. Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa sana maana ya karatasi ya serikali kumpa mtu shamba ambalo mwingine amelizika babu yake. Jambo hili msomaji alishike, kwani litarudi.

KAZI YA KIANGAZI

Katika kiangazi cha mwaka 1880, Charles alikuwa akikata nyasi ndefu za bondeni, kuzianika na kuzirundika ziwe chakula cha farasi na ng'ombe wakati wa baridi. Kazi hii yataka watu wawili: mmoja chini kuzirusha kwa uma, na mwingine juu ya gari la farasi kuzikanyaga ili zishindiliwe vizuri. Kibarua hapana, na pesa za kumlipa hapana. Laura akamwendea babake akamwambia kwamba yeye ataiweza.

Mamake hakupendezwa. Kwa mila yao haikuwa heshima binti kufanya kazi kondeni kama mwanamume. Lakini haja ni haja, na mwishowe aliridhia. Basi Laura akawa akizunguka juu ya gari, jua likimchoma, mabua yakimkwaruza miguu, mpaka usiku hapati usingizi kwa maumivu ya mwili. Alizoea baada ya siku chache, na nyasi zikarundikwa.

Siku zile zile baba aliona jambo lililomtia wasiwasi. Panya wa majini wa pande hizo hujenga vijumba vyao kwa nyasi na matope, na mwaka ule kuta zake zilikuwa nene kuliko alivyopata kuziona. Kisha, kama Laura mwenyewe alivyoandika, akaja dukani mzee mmoja wa wenyeji wa asili, akawaonya wageni wale kwamba baridi inayokuja ni ile kubwa inayokuja mara moja kwa miaka mingi, na theluji itadumu miezi saba. Aliyenyang'anywa ndiye aliyekuja kumtahadharisha aliyemnyang'anya. Charles hakupuuza. Aliihamisha jamaa yake kutoka shambani hadi kwenye nyumba aliyokuwa ameijenga mjini.

THELUJI YA OKTOBA

Dhoruba ya kwanza ilipiga katikati ya Oktoba 1880, wakati ambapo hakuna aliyeitazamia. Msomaji asiyeijua theluji asidhani huanguka siku zote polepole kama sufi. Ikiwa na upepo wa nguvu huwa kama mchanga wa ufukweni unaopeperushwa na kusi, ila huo ni barafu, na mtu hawezi kuona hata mkono wake mwenyewe. Laura asimulia kwamba dhoruba ilipotulia, waliona ng'ombe wageni wamesimama kimya, vichwa vimeinama. Pumzi zao zilikuwa zimegandia usoni mpaka barafu ikawaziba macho na pua. Charles aliwaendea mmoja mmoja, akawavunjia barafu ile, wakaweza kuvuta pumzi.

Baada ya hapo dhoruba zilifuatana. Siku tatu dhoruba, siku moja au mbili jua, kisha dhoruba tena. Mji ule ulitegemea gari moshi kwa kila kitu: unga, sukari, makaa ya mawe na mafuta ya taa. Wafanyakazi wa reli walipiga koleo kuiondoa theluji njiani, na usiku mmoja ikarudi yote. Mwanzoni mwa Januari 1881 gari moshi lilikoma kabisa.

Madukani vitu vikaisha. Skuli ikafungwa. Makaa yakaisha, na mbugani hamna mti wa kukata kuni. Hapo ndipo zilipokumbukwa zile nyasi.

GANDA LA MUWA LA JANA

Wahenga walisema ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Nyasi ni moto wa kupita, ukiziwasha huwaka mara moja zikawa majivu. Lakini ukizishika fungu, ukazisokota kwa nguvu kama mtu asokotaye kamba, kisha ukazikunja na kuzifungia ncha zake, hupata kijiti kigumu kinachowaka kwa muda. Charles na Laura walikaa katika banda lenye baridi nyuma ya nyumba wakisokota kutwa, kwa sababu kila kijiti kilichoingia jikoni kilitaka cha kukifuata. Mabua yaliwakata viganja.

Siku za jua baba alikwenda shambani na farasi mmoja na gari la kuteleza kuzileta nyingine, huku farasi akizama kila mara mahali ambapo theluji ilifunika nyasi za bondeni. Hakujua kama dhoruba ingemkuta njiani.

Na chakula? Unga ulipokwisha walibaki na ngano ya punje. Kinu cha kusagia hapakuwa, ila kile kidogo cha kahawa cha kuzungushwa kwa mkono. Wakasaga ngano kwa hicho, kwa zamu, tangu asubuhi hadi usiku, na Mary kipofu akiwa na zamu yake kama wenziwe. Unga wa kutwa nzima ulitosha mkate wa siku ile tu. Mafuta ya taa yalipokwisha, mama alitengeneza taa kwa kifungo cha nguo, kipande cha kitambaa na grisi ya magurudumu. Baba alikuwa mpigaji fidla hodari, na ala hiyo ndiyo iliyokuwa furaha ya nyumba. Usiku mmoja alijaribu kuipiga, vidole vikakataa kwa ugumu wa baridi na kazi.

MBEGU NA BEI

Ngano nayo ikakaribia kwisha mjini kote. Kijana mmoja mkulima, Almanzo Wilder, alikuwa na ngano ya mbegu, akaificha nyuma ya ukuta wa mbao. Asilaumiwe haraka, kwani mkulima anayekula mbegu amekula mwaka ujao. Lakini hakukaa kitako watu wakifa njaa. Yeye na mwenziwe, Cap Garland, walifunga safari katika ile theluji kumtafuta mtu aliyesikiwa tu kwamba ana ngano mbali kusini mwa mji. Walimpata, wakanunua, wakarudi, nayo dhoruba ikaanza nyuma yao.

Mfanyabiashara aliyetoa pesa za ngano ile akataka kuiuza kwa bei iliyozidi mara mbili ya aliyonunulia. Wale vijana wenyewe hawakutaka hata senti kwa taabu yao. Hilo ndilo wanazuoni wetu waliloliita ihtikari, kuzuia chakula ili bei ipande juu ya shida za watu, nalo limeharamishwa. Wanaume wa mji hawakuvunja duka. Charles alimwendea kwa maneno, akamkumbusha kwamba baridi haitadumu milele, na kila mteja atakumbuka alivyotendewa. Mwuzaji akatahayari, akaiuza kwa bei aliyonunulia, na kila nyumba ikapata kwa kadiri ya midomo yake.

Gari moshi lilifika Mei 1881. Lilileta na pipa la zawadi za Krismasi lililokwama njiani tangu Desemba. Wakaila sikukuu yao mwezi wa tano.

BAADA YA MWAKA ULE

Mwezi Novemba wa mwaka ule ule Mary alipelekwa katika chuo cha vipofu huko Iowa, na Laura, kabla hajatimiza miaka 16, akawa mwalimu ili kusaidia gharama zake. Mwaka 1885 aliolewa na Almanzo Wilder, yule kijana wa ngano. Mwaka 1940, akiwa na miaka 73, alichapisha The Long Winter, kitabu chenye habari hizi. Ni hadithi iliyojengwa juu ya kweli, si kweli yote. Kumbukumbu zake za awali, zilizochapishwa mwaka 2014, zaonyesha kwamba mume na mke na mtoto wao mchanga walikaa nao kipindi kile chote, na kwa maoni yake hawakuwa wepesi wa kazi. Kitabuni akawaacha nje.

Tulisema neno la ardhi litarudi. Mwaka 2018 chama cha wakutubi wa watoto huko Marekani kiliondoa jina lake katika tuzo kubwa ya uandishi, kwa namna vitabu vyake vinavyowataja wenyeji wa asili na watu weusi. Mwenye kumsoma amsome akijua hayo. Nyumba iliyookolewa na nyasi zile ilikuwa katika nchi ya wengine, na mzee wa nchi hiyo alikuwa wa kwanza kuwaonya.

Lakini binti yule wa miaka 13 hakugawa ardhi ya mtu. Aliona babake ana kazi isiyowezekana kwa mikono miwili, akapanda juu ya gari. Alidhani anashindilia chakula cha ng'ombe. Kijana atakayeitwa shambani kesho asubuhi naye hajui anashindilia nini.