Kabla ya Kujaza Tahasusi, Tumuulize Mtoto Anakwenda Wapi

Miaka kadhaa iliyopita, baada ya swala ya Isha, mzee mmoja muuza mawese hapa Mwandiga aliijia kamati yetu ya msikiti akiwa na matokeo ya binti yake ya kidato cha nne. Binti alikuwa amepata C katika Fizikia, na vizuri zaidi katika Kemia, Baiolojia na Jiografia. Azma yake ilikuwa udaktari. Nasi, kwa nia njema, tukamshauri mzee kwamba binti achukue CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia. Tulisema Fizikia ni nzito, na sayansi ni sayansi. Mzee akatushukuru. Binti mwenyewe hakuwapo barazani.

Miaka miwili baadaye alifaulu kidato cha sita. Ndipo tulipofungua naye mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), tukasoma jambo tulilopaswa kulisoma mwanzo: shahada ya udaktari wa binadamu hutaka Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu. Hakutulaumu. Alimgeukia mzazi wake akasema, "Baba, mimi sikuikimbia Fizikia. Niliambiwa niikimbie."

Tunayaandika haya kwa kuwa kila mwaka wazazi wengi hufikia njia panda hiyo hiyo. Machaguo huanza kabla ya mtihani wa Novemba, mwanafunzi anapojaza Selform. Matokeo yakishatoka, TAMISEMI hutoa muda wa kuyabadilisha katika mfumo wake wa mtandao. Muda huo ni mfupi, na mzazi asiyeujua humpita kimya kimya.

Uwanja wenyewe nao umepanuka. Machi 2024 Serikali ilitangaza tahasusi 65, na kati ya hizo 49 zilikuwa mpya, zikiwamo za biashara, lugha, sanaa, michezo na elimu ya dini. Ni kheri kubwa, lakini penye njia nyingi ndipo msafiri anapohitaji zaidi kuuliza.

Basi tuanzie mwisho wa safari. Mtoto ataje kozi anayoitamani, kisha tutazame kozi hiyo inataka masomo gani, ndipo turudi kwenye tahasusi. Kwa kawaida shahada huhitaji kufaulu masomo mawili yanayohusika na kozi, kwa jumla ya pointi zisizopungua 4. A ni pointi 5 na E ni 1, hivyo D mbili hufikisha kiwango hicho. Lakini kozi nyingine hutaja masomo kwa majina, na hapo wingi wa pointi hauzibi pengo la somo lisilokuwapo. CBG si tahasusi dhaifu, kwani inaweza kumfikisha mtu kwenye masomo ya kilimo au mazingira. Kosa letu lilikuwa kumpa njia ya kilimo mtoto aliyetamka udaktari.

Lipo jambo jingine linalotuhusu Waislamu. Utaratibu uliozoeleka wa kuingia kidato cha tano umekuwa ukitaka krediti tatu katika masomo yasiyo ya dini. Hili lisitufanye tuliache somo la dini. Litufanye tu tusilihesabu mahali lisipohesabiwa.

Imamu Ghazali aliuhesabu utabibu katika fardhi kifaya. Kwa hiyo kumwongoza mtoto kwenye elimu hiyo ni amana, na amana haitekelezwi kwa kukisia. Allah ametuamrisha kushauriana, na shura isiyomhusisha mwenye jambo ina upungufu. Istikhara nayo haichukui nafasi ya kuuliza. Tuulize kwanza, kisha tumwombe Mola atuchagulie lililo na kheri.

Binti yule hakukata tamaa. Matokeo yake ya kidato cha nne, yenye ile ile C ya Fizikia, yalimfungulia mlango wa stashahada ya utabibu. Ni njia ndefu zaidi kuelekea udaktari, lakini alhamdulillahi, haijafungwa. Miaka yake miwili hatuwezi kumrudishia. Tulichoweza ni kuweka kanuni katika kamati yetu: mzazi akija na matokeo, tunamkaribisha, tunampa maji, kisha tunamwomba arudi kesho akiwa na mtoto.