Koltani ya Ituri na vifaa vinavyopima mionzi ya nyota

BUNIA – Katika eneo la Mambasa, jimboni Ituri, koltani huuzwa kwa kilo ikiwa bado mawe na mchanga. Wengi wanajua kwamba tantali inayotokana nayo hutumiwa katika simu. Lakini koltani ina pia niobi, madini yanayowasaidia wanasayansi kuchunguza anga.

Gesi inayozama katika mashimo meusi na mabaki ya nyota zilizolipuka hutoa eksirei, mionzi ileile ya kupiga picha za mifupa hospitalini, ambayo Wakongomani wengi huita "radio". Hewa ya dunia huizuia isifike chini, hivyo vifaa vya kuipima lazima virushwe angani.

Setilaiti ya kwanza ya kazi hiyo iliondokea Afrika Mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikapewa jina la Uhuru. Malindi, kama Bunia, iko karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisaidia roketi kupanda. Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza mradi huo, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Hata hivyo, Uhuru ilitumia vyombo vya gesi, vilivyotofautisha nguvu za miale kwa shida. Njia mpya ni kupima joto. Kipande kidogo sana hupozwa hadi karibu nyuzi 273 chini ya sifuri. Mwale mmoja ukikigonga, joto lake hupanda kidogo mno, na kupanda huko kunaonyesha nguvu ya mwale. XRISM, setilaiti ya Japani na Marekani iliyorushwa Septemba 2023, ina vipimo 36 vya aina hiyo, vyenye usahihi unaopita ule wa gesi zaidi ya mara 100. Kwa usahihi huo, wataalamu hutambua chuma au kalsiamu katika gesi ya mbali, na kasi yake.

Hatua inayofuata ni vihisi vya kwanta. Hivi hukaa kwenye mpaka ambapo metali iliyopozwa huanza kupitisha umeme bila kizuizi chochote. Joto dogo tu hubadilisha umeme huo, na kifaa kiitwacho SQUID, ambacho mara nyingi hutengenezwa kwa niobi, husoma badiliko hilo. Ulaya inapanga kurusha zaidi ya vihisi 1,000 vya namna hiyo katika darubini ya NewAthena, miaka ya 2030.

Niobi nyingi ya dunia hutoka Brazili. Nchi hiyo huisafisha yenyewe katika mji wa Araxá kabla ya kuiuza. Koltani ya Kongo bado hutoka ikiwa ghafi; tantali na niobi hutenganishwa ng'ambo, na faida kubwa ya kazi hiyo hubaki hukohuko.